Nyumba Mbele, Mabomba Nyuma: Upangaji wa Miundombinu katika Mji wa Ruiru, Kenya

Ikisiri

Makala haya yanaeleza uhusiano baina ya ongezeko la nyumba na upangaji wa miundombinu katika mji wa Ruiru, kaunti ya Kiambu, ambao wakazi wake wengi hulala huko na kufanya kazi Nairobi. Hoja kuu ni kwamba tatizo la mji wa aina hii halitokani na wingi wa nyumba pekee, bali hasa na mfuatano wa hatua. Barabara kuu hutangulia na kuziita nyumba. Nyumba huota kwa haraka. Mfumo wa maji safi na majitaka hufuata mwisho, wakati nafasi ya kuupitisha imekwisha kuzibwa. Makala yanapendekeza kwamba kibali cha ujenzi kifungamanishwe na uwezo wa mfumo uliopo, na kwamba ugawaji wa shamba kuwa viwanja utambuliwe kuwa ndiyo hatua halisi ya kuupanga mji.

1. Utangulizi

Kwa muda mrefu jina la Ruiru lilihusishwa na kahawa. Mji huu, ulio zaidi ya kilomita 20 kaskazini mashariki mwa katikati ya Nairobi, ulizungukwa na mashamba makubwa ya mibuni, na hapo ndipo kilipo kituo cha utafiti kilichozalisha aina ya mbuni iitwayo Ruiru 11, iliyotolewa kwa wakulima mwaka 1985. Reli iliyofika Thika mwaka 1913 ilipita Ruiru ikihudumia mazao ya mashamba hayo.

Leo zao kuu la Ruiru ni nyumba. Kwa mujibu wa sensa ya mwaka 2009, mji ulikuwa na watu 238,858. Sensa ya mwaka 2019 ilihesabu watu 490,120. Idadi iliongezeka zaidi ya maradufu katika miaka 10. Katika kipindi hicho hicho, wakazi wa kaunti nzima ya Kiambu waliongezeka kutoka 1,623,282 hadi 2,417,735, yaani kwa takribani nusu. Ni dhahiri kwamba Ruiru haikukua kwa kasi ya kawaida ya kaunti yake, bali ilivutwa na jiji jirani.

2. Barabara kama mwaliko

Chanzo kimojawapo cha mvuto huo ni Barabara Kuu ya Thika, iliyopanuliwa kuanzia mwaka 2009 na kuzinduliwa rasmi mwaka 2012, ikiwa na urefu wa takribani kilomita 50. Barabara ya mchepuko ya mashariki inaungana nayo huko Ruiru. Muda wa safari ulipopungua, ardhi iliyokuwa mbali ikawa karibu. Mfanyakazi aliyeshindwa kumudu kodi ya Nairobi aliweza kupanga nyumba kubwa zaidi Ruiru kwa fedha zile zile, naye mwenye kiwanja akaona faida ya kujenga ghorofa mahali alipokusudia nyumba ya familia.

Hapa pana jambo ambalo wapangaji hulisahau. Barabara kuu huonekana kuwa mradi wa usafiri, lakini katika mji wa pembezoni huwa pia mradi wa makazi, kwa sababu huamua mahali ambapo watu wataishi. Barabara ikipangwa peke yake, mwaliko hutolewa kabla ya chakula kupikwa. Aidha, upanuzi wa njia kuu haumalizi msongamano. Huuhamishia kwenye makutano na njia za ndani, ambako kila asubuhi wakazi wa vitongoji vingi hulazimika kupenya mlango mmoja mwembamba kabla ya kuifikia lami pana.

3. Hesabu ya kiwanja kimoja

Ukubwa wa tatizo unaweza kuelezwa kwa hesabu ya mfano. Kiwanja kinachojulikana sana katika soko la ardhi la eneo hili kina futi 50 kwa 100, yaani takribani mita za mraba 465. Tuseme kimejengwa nyumba ya familia ya watu 5, na kila mtu anatumia lita 80 za maji kwa siku. Familia hiyo itatumia lita 400. Ikiwa asilimia 80 ya maji hayo hugeuka kuwa majitaka, shimo la nyumba hiyo litapokea lita 320 kwa siku, kiasi ambacho udongo unaopitisha maji vizuri huweza kukifyonza.

Kiwanja hicho hicho kikijengwa ghorofa yenye nyumba 20 za kupanga, kila moja ikiwa na watu 3, wakazi watakuwa 60. Watahitaji lita 4,800 kwa siku na kutoa lita 3,840 za majitaka. Kwa mwezi wa siku 30, hizo ni zaidi ya lita 115,000. Iwapo udongo haufyonzi, gari la kunyonya majitaka lenye ujazo wa lita 10,000 litalazimika kuja zaidi ya mara 11 kila mwezi. Mtaa wenye viwanja 40 vya namna hiyo utahitaji safari takribani 15 za gari hilo kila siku, katika njia ambayo magari mawili hupishana kwa shida.

Mwenye nyumba anayekwepa gharama hiyo hupata kishawishi cha kuyaelekeza majitaka kwenye mfereji wa mvua au mtoni. Udongo nao hausaidii kila mahali: tambarare za mashariki mwa Nairobi zina udongo mweusi wa mfinyanzi, ambao hupitisha maji kwa shida sana ukilowa. Kwa upande wa maji safi, wenye majengo huchimba visima virefu. Hata hivyo, maji ya ardhini katika ukanda wa Nairobi mara nyingi huwa na floraidi nyingi, madini yanayodhuru meno na mifupa yakizidi. Jambo la kutafakarisha ni kwamba mto unaobeba jina la mji huu ulizibwa kwa bwawa karibu na mwaka 1950 ili kuinywesha Nairobi.

4. Kugawa ardhi ndiko kupanga

Ni wakati gani basi mji hupangwa? Kisheria, mpango wa mji ni ramani iliyoidhinishwa. Kiutendaji, mji hupangwa siku shamba linapokatwa viwanja. Siku hiyo ndipo upana wa njia, mwelekeo wa mifereji na nafasi ya shule au zahanati huamuliwa. Mgawaji anayetaka kupata viwanja vingi hubana njia. Mnunuzi wa kwanza hajali, kwa kuwa majirani bado ni wachache. Miaka kumi baadaye, mhandisi wa bomba la majitaka hukuta hifadhi ya barabara imejaa kuta, nguzo za umeme na vibanda. Kulipitisha bomba hapo kunahitaji fidia na ubomoaji. Waswahili walikwisha kusema kwamba usipoziba ufa utajenga ukuta. Hapa ukuta wenyewe hubomolewa kwanza ndipo ufa uzibwe.

Hata hivyo, kupima viwanja pekee hakutoshi. Mradi wa Viwanja 20,000 jijini Dar es Salaam, ulioanza mwaka 2002, ulipima maeneo kama Bunju, Toangoma na Kibada na kuviuza viwanja kwa bei iliyokusudiwa kurejesha gharama. Njia na mipaka vilikuwepo, lakini maji na lami havikufika kwa kasi iyo hiyo. Funzo lake ni kwamba nafasi iliyohifadhiwa ni sharti la lazima, lakini bila fedha za mabomba hubaki kuwa nafasi tu. Kwa upande mwingine, Tatu City, mji mpya unaojengwa juu ya mashamba ya zamani ya kahawa karibu na Ruiru, unaonyesha kwamba barabara, maji na umeme vinaweza kutangulia nyumba. Swali linalobaki ni jinsi ya kumfikishia utaratibu huo mpangaji wa kipato cha chini.

5. Mgawanyo wa mamlaka

Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, katika kifungu cha 43, inatambua haki ya makazi, usafi wa mazingira na maji safi ya kutosha. Jedwali la Nne la Katiba hiyo linaikabidhi serikali ya kitaifa barabara kuu za kitaifa na reli, huku upangaji wa maendeleo ya kaunti na huduma za maji na usafi zikiwa chini ya kaunti. Kwa hiyo anayeita nyumba siye anayezihudumia. Serikali ya kitaifa ikifungua barabara, mzigo wa mabomba huiangukia kaunti ambayo mapato yake hayakuongezeka kwa kasi ya ghorofa. Mkazi naye hutumia mchana wake, na sehemu ya fedha zake, upande wa pili wa mpaka.

6. Hitimisho na mapendekezo

Mambo matatu yanajitokeza. Kwanza, kibali cha ghorofa kitolewe kwa kuzingatia uwezo uliopimwa wa maji na majitaka katika mtaa husika. Pale ambapo uwezo haupo, mwendelezaji achangie mtambo mdogo wa pamoja wa kusafisha majitaka, au idadi ya nyumba ipunguzwe. Sheria ya Mipango ya Matumizi ya Ardhi ya mwaka 2019 inaruhusu vibali vyenye masharti. Pili, hakuna shamba linalostahili kukatwa viwanja kabla njia ya mabomba haijachorwa na kuwekewa alama ardhini. Tatu, kila mradi wa barabara kuu au reli ubebe ndani ya bajeti yake fungu la huduma za miji itakayoikuza.

Mapendekezo haya yataongeza gharama ya kujenga, na huenda yakapandisha kodi. Lakini gharama hiyo ipo tayari: mpangaji huilipa kwa mtungi wa maji anaonunua, kwa ada ya gari la kunyonya majitaka inayoingizwa katika kodi, na kwa saa anazopoteza kwenye makutano. Kupanga mapema hakuiondoi gharama. Huigawa kwa haki zaidi baina ya anayeuza ardhi, anayejenga na anayepanga.