Una miaka 15? Kupima UKIMWI huhitaji tena saini ya mzazi

Leo tuache kidogo mpira na bongo fleva, tuongelee sheria. Najua wengine mshaanza kusinzia, ila hii inatuhusu sisi vijana moja kwa moja.

Kuna dogo wa mtaani kwetu, ana miaka 16. Majuzi alijipa moyo akaenda kupima kwenye zahanati moja hivi, jina kapuni. Akaambiwa, "Nenda kamlete mzazi wako." Dogo akageuza, hajarudi mpaka leo. Nani ana ubavu wa kumwambia mzee, "Shikamoo baba, twende ukanisainie nikapime ngoma"?

Sasa wadau, aliyemrudisha dogo alikuwa anafuata sheria ya zamani.

ILIVYOKUWA NA ILIVYO SASA

Sheria ya Kuzuia na Kudhibiti UKIMWI ya 2008 ilitaka aliye chini ya miaka 18 apimwe kwa ridhaa ya mzazi au mlezi. Novemba 2019 Bunge letu likaibadilisha. Kwanza, umri wa kuridhia mwenyewe ukashuka hadi miaka 15. Pili, ikaruhusiwa mtu kujipima mwenyewe kwa kifaa.

Angalizo: ukijipima kikaonyesha una virusi, hayo sio majibu ya mwisho. Nenda kituo cha afya wakahakikishe. Kikionyesha huna, lakini ulijiachia wiki chache nyuma, rudia baada ya miezi mitatu, maana maambukizi mapya yanaweza yasionekane.

MAJIBU NI YA NANI?

Hapa ndo wengi tunaogopa. Sheria inasema majibu ni siri. Mnasihi hana ruhusa ya kumpa mwalimu wako, bosi wako wala jirani. Lakini milango michache imeachwa wazi: mahakama inaweza kupewa, mwenzi wako pia. Na sheria ya 2008 ilitaja kwamba majibu ya mtoto anaweza kupewa mzazi au mlezi. Kwa hiyo kama hujafika 18, kabla hujatoa damu muulize mnasihi waziwazi: "Majibu yangu unampa nani?" Ni haki yako kuuliza.

UKISHAJUA, UNA WAJIBU

Hili watu hawalisemi. Ukishajua una virusi, sheria inakutaka umwambie mwenzi wako mara moja. Na kifungu cha 47 kinasema anayemwambukiza mwingine kwa makusudi anafungwa miaka 5 hadi 10.

Kuna wanaosema kifungu kama hicho kinawatisha watu wasipime kabisa, maana asiyejua hali yake hawezi kushtakiwa kwa makusudi. Jirani zetu Kenya walikuwa na kifungu chao cha 24 kinachofanana kidogo na hivyo, na mwaka 2015 Mahakama Kuu yao ikakifuta, ikisema maneno yake hayaeleweki vizuri na kinaingilia faragha ya mtu.

Mimi kwa upande wangu naona kukaa gizani ili usishtakiwe ni kujidanganya. Virusi havisubiri upime ndo vianze kazi. ARV kwenye vituo vya serikali ni bure, na ukizimeza vizuri mpaka virusi visionekane kwenye kipimo, humwambukizi mwenzio kwa ngono. Yani dawa inakulinda wewe, inamlinda mpenzi wako, na inakuweka mbali na hicho kifungu.

Dogo nimeshamwambia arudi, na akirudishwa tena aombe kuonana na mganga mfawidhi, aseme kwa heshima: sheria ilibadilika 2019, mimi nina 16, naridhia mwenyewe.

Haya wadau, nawe ulishawahi kurudishwa? Na wazazi mliopo humu, mnaionaje hii ya miaka 15? Tiririkeni hapo chini, ila bila matusi. Ni hayo tu kwa leo.