Gari la Hisani na Kodi ya Mapato: Uchambuzi wa Istilahi

Katika kazi ya kukuza istilahi, maneno yanayotutaabisha zaidi si yale mageni kabisa. Ni yale tuliyoyazoea nyumbani na sokoni, ambayo sheria huyachukua na kuyatia maana nyembamba kuliko ile tuijuayo. Tangu mwaka 2021, Bunge liliporekebisha sheria ili Kiswahili kiwe lugha ya sheria na ya mahakama nchini Tanzania, tatizo hili limekuwa la kila siku kwa mtafsiri, kwa mwalimu na kwa mtumishi wa serikali. Makala haya yanakusudia kulichambua kwa kutumia jambo moja tu, nalo ni la mtu anayetoa gari lililokwisha tumika kwa taasisi ya hisani, akitarajia kwamba tendo hilo litahesabiwa katika kodi yake ya mwaka.

Tuchukue mfano wa kubuni. Kampuni moja ya kukoboa mpunga katika kata ya Mwamkulu, Manispaa ya Mpanda, mkoani Katavi, ina pikapu iliyoitumia kwa miaka kadhaa. Mwezi wa Desemba wenye kampuni wanaamua kuitoa kwa taasisi inayowahudumia wagonjwa vijijini. Karani wao amesoma kijikaratasi kilichotafsiriwa kutoka Kiingereza chenye maneno haya: “Anayetoa gari kwa hisani hupata punguzo la kodi mwishoni mwa mwaka.” Sentensi hiyo ni fupi na nyepesi kusoma, lakini karibu kila neno lake linaweza kumpotosha karani huyo. Hebu tulitazame moja baada ya jingine.

Neno la kwanza ni kutoa. Katika Kiswahili, kutoa ni kumpa mtu kitu, na kutoa vilevile ni kupunguza idadi katika idadi nyingine, kama tufundishavyo katika hesabu. Katika mazungumzo ya kawaida hakuna anayechanganyikiwa. Lakini katika habari ya kodi matendo yote mawili hutokea pamoja: gari linatolewa kwa taasisi, kisha kiasi fulani kinatolewa katika mapato. Tukiandika “kiasi kilichotolewa kisizidi asilimia 2”, msomaji hawezi kujua kama tunazungumzia thamani ya zawadi au hesabu ya kodi. Kwa hiyo twaona yafaa kitenzi kutoa kibakie kwa tendo la mhisani, na kwa upande wa hesabu kitumike kupunguza.

Neno la pili, ambalo ndilo lenye hasara kubwa, ni punguzo la kodi. Sheria ya Kodi ya Mapato ya mwaka 2004 inaruhusu mchango kwa taasisi ya hisani upunguzwe katika mapato ya biashara kabla kodi haijakokotolewa. Haipunguzi kodi yenyewe. Tena inaweka ukomo: kiasi hicho kisizidi asilimia 2 ya mapato ya biashara hiyo, yakihesabiwa kabla ya kupunguza mchango wenyewe.

Tuseme kampuni yetu ina mapato ya shilingi 100,000,000, na gari limethaminiwa kuwa shilingi 9,000,000. Kwa kuwa ukomo ni asilimia 2, kinachoweza kupunguzwa ni shilingi 2,000,000 tu. Mapato yanayobaki kutozwa kodi ni shilingi 98,000,000. Kwa kiwango cha asilimia 30 kinachotozwa kampuni, kodi itakuwa shilingi 29,400,000 badala ya 30,000,000. Nafuu halisi ni shilingi 600,000. Aliyesoma “punguzo la kodi” huenda alitarajia shilingi 9,000,000. Na hata aliyeujua ukomo huenda alitarajia shilingi 2,000,000. Tofauti hiyo haikuletwa na Sheria wala na Mamlaka ya Mapato, bali na mfasiri.

Wengine hutumia neno makato. Neno hili halifai hapa, kwa kuwa mfanyakazi yeyote akilisikia huwaza fedha zilizokatwa katika mshahara wake, yaani kitu alichopoteza, hali tunachokieleza ni kitu kinachompa nafuu. Msamaha wa kodi nao ni jambo jingine: ni hali ya mtu au mapato fulani kutotozwa kabisa. Na ikiwa mtu ataandika “punguzo la mapato ya kodi”, atakuwa ameingia katika shimo jingine, maana mapato ya kodi ni fedha zinazokusanywa na Serikali, wala si mapato ya mlipaji.

Kwa sababu hizo twapendekeza neno kipunguzo, lililoundwa kwa kanuni ile ile iliyotupa kipimo, kizuio na kiungo. Kipunguzo kitakuwa kiasi ambacho sheria inaruhusu kipunguzwe katika mapato kabla ya kutoza kodi. Pale penye hofu ya utata, iandikwe kwa ukamilifu: kipunguzo cha mapato yanayotozwa kodi. Punguzo la kodi libakie kwa kile kinachopunguzwa katika kodi yenyewe baada ya kukokotolewa, na nafuu ya kodi liwe neno la jumla linalokusanya yote.

Neno la tatu ni hisani. Hapa lugha yetu ni tajiri, na utajiri huo unataka uangalifu. Zaka ni faradhi ya dini yenye kiwango chake. Sadaka hutolewa kwa hiari, lakini huvuta fikra za ibada, msikitini au kanisani. Hiba, katika sheria ya Kiislamu, ni zawadi inayotimia kwa kutolewa, kukubaliwa na kukabidhiwa. Kwa hiyo gari lililoahidiwa huku funguo zingali mfukoni mwa mwenyewe halijawa hiba. Wakfu ni mali inayofungwa ili manufaa yake yaendelee kutumika. Kwa hiyo gari ambalo taasisi inakusudia kuliuza na kutumia fedha zake haliwezi kuitwa wakfu bila kupotosha. Mchango ni neno jepesi na lililoenea, ila limetumiwa mno kwa michango ya shule na ya ujenzi, ambayo mara nyingi mwananchi huidhania kuwa ni ya lazima. Twaona basi kwamba mchango wa hisani linaeleza vema, maana sehemu ya pili inarudisha ile dhana ya hiari na ya wema kwa umma.

Lakini taasisi ya hisani, kwa maana ya kodi, si kila chama kifanyacho mema. Sheria inataka taasisi iwe ya umma kwa tabia yake, na iwe imeanzishwa kwa makusudi maalumu kama kuondoa umaskini au dhiki ya watu, kuendeleza elimu, au kutoa huduma za afya, maji na barabara. Tena iwe imepata uamuzi wa Kamishna unaoitambua hivyo. Kuandikishwa chini ya Sheria ya Mashirika Yasiyo ya Kiserikali ya mwaka 2002 ni jambo jingine, na hakutoshi peke yake. Mfasiri asiyatumie maneno “taasisi ya hisani” na “shirika lisilo la kiserikali” kana kwamba ni kitu kimoja. Aidha, michango kwa Mfuko wa Elimu, ulioanzishwa kwa sheria ya mwaka 2001, imetajwa peke yake, na ukomo wa asilimia 2 hauihusu.

Neno la nne ni anayetoa. Kijikaratasi kinasema kana kwamba kila mtu anahusika. Sivyo. Kipunguzo hiki hupatikana wakati wa kukokotoa mapato ya biashara. Mwalimu wa Mwamkulu anayeishi kwa mshahara, akilitoa gari lake kwa kituo cha yatima, anastahili shukrani, lakini kodi inayokatwa katika mshahara wake haibadiliki kwa sababu hiyo. Makosa haya huletwa hasa na maandishi yanayofasiriwa kutoka Marekani, ambako mtu wa mshahara naye anaweza kudai kipunguzo cha namna hii akiorodhesha vipunguzo vyake. Nchi jirani nazo zina kanuni zake. Uganda, kwa mfano, iliweka ukomo wa asilimia 5 katika sheria yake ya mwaka 1997. Haitoshi basi kufasiri maneno. Ni lazima kuuliza kwanza ni sheria ya nchi gani inayozungumziwa.

Neno la tano ni mwisho wa mwaka. Mtumishi wa serikali amezoea mwaka wa fedha, unaoanza tarehe 1 Julai na kwisha tarehe 30 Juni. Mwaka wa mapato, kwa kawaida, huanza tarehe 1 Januari na kwisha tarehe 31 Desemba, ingawa kampuni inaweza kuomba kibali cha kutumia miezi 12 mingine. Gari likikabidhiwa tarehe 2 Januari, limeingia mwaka mwingine wa hesabu. Ndiyo maana twashauri isiandikwe “mwaka” pekee, bali mwaka wa mapato au mwaka wa fedha, kadiri inavyohusika.

Neno la sita ni lile linaloieleza hali ya gari. Wengi huandika gari chakavu. Katika uhasibu, hata hivyo, uchakavu ni kushuka kwa thamani ya mali kunakohesabiwa mwaka hata mwaka, liwe gari limechoka au lingali zima. Gari dogo la biashara huhesabiwa uchakavu wa asilimia 37.5 ya thamani iliyobaki. Kwa hesabu ya gari moja peke yake, lililonunuliwa kwa shilingi 40,000,000 hubaki na 25,000,000 baada ya mwaka mmoja, 15,625,000 baada ya miwili, na 9,765,625 baada ya mitatu. Huenda wakati huo gari lingali likitafutwa sokoni kwa bei iliyo juu ya hiyo. Gari la mtumba nalo huleta picha ya lile lililoagizwa kutoka nje likiwa limetumika. Twapendekeza gari lililokwisha tumika, ambalo halisemi lolote kuhusu ubora wake.

Hapo ndipo linapokuja neno thamani, ambalo halipaswi kusimama peke yake. Iko bei ya kununulia, iko thamani baada ya uchakavu, na iko thamani ya soko. Marekani yenyewe iliona taabu hiyo: watoaji walikuwa wakijikadiria thamani kubwa, na sheria ya mwaka 2004 ikaagiza kwamba, kuanzia mwaka 2005, taasisi ikiliuza tu gari, na kipunguzo kinachodaiwa kikizidi dola 500, basi kisizidi fedha zilizopatikana katika mauzo. Kwa mtoaji wa Mwamkulu, busara ni kuiuliza Mamlaka ya Mapato kwanza thamani ipi itakubaliwa, na kuweka kwa maandishi ushahidi wa makabidhiano pamoja na kadi ya gari iliyohamishwa jina.

Sasa tuiandike upya ile sentensi: “Mwenye biashara anayetoa gari lililokwisha tumika kuwa mchango wa hisani kwa taasisi ya hisani iliyotambuliwa na Kamishna anaweza kupata kipunguzo cha mapato yanayotozwa kodi, kisichozidi asilimia 2 ya mapato ya biashara hiyo kabla ya mchango, katika mwaka wa mapato aliolikabidhi.” Ni ndefu, na haina utamu wa ile ya kwanza. Lakini aisomaye hatakwenda Mpanda mjini na matumaini ya milioni tisa, akarudi akiona kwamba Serikali imemdhulumu.

Mapendekezo haya bado si istilahi sanifu. Tunayaleta ili yajadiliwe na wale wanaoyatumia maneno haya kazini, hasa neno kipunguzo, ambalo huenda wengine wana jingine bora kuliko hilo. Tutashukuru kupokea maoni, pamoja na sentensi halisi ambamo neno limetumika, kwa kuwa istilahi hupimwa ndani ya sentensi, wala si katika orodha.