MKIMBIZI, MHAMISHWA AO MGENI?



Mtu akifika katika kartye na mizigo kichwani, tunamwita "mkimbizi". Lakini kwa mapatano ya mataifa ya mwaka 1951, mkimbizi ni yule aliyevuka mpaka wa inchi yake. Aliyekimbia vita kule Pweto akabaki ndani ya Kongo ni mhamishwa, yule makarani wanamwita deplase. Yeye ni raia bado. Haki zake ni sawa na zetu. Ukimwita mkimbizi, ni kama kusema inchi hii si yake. "Mgeni" ni neno zuri siku ya kumpokea. Baada ya mwaka linageuka ukuta, maana mgeni haombwi shauri.

Kumbukeni 1992 na 1993. Hapa Katanga watu wenye asili ya Kasai waliitwa "bilulu", ni kusema vidudu. Neno lilitangulia, mikono ikafuata: walifukuzwa Likasi na Kolwezi, wakalala kwenye vituo vya treni.

Basi, shefu wa kartye, katika liste andika "mhamishwa". Na wewe jirani, uliza jina lake, umwite kwa jina hilo.

Amani kwenu.