Kumngoja Daktari: Hisabati ya Foleni

Saa mbili kamili za asubuhi, katika miji na vijiji vya Uingereza, simu za zahanati huanza kulia kwa wakati mmoja. Wanaopiga ni wagonjwa wanaotaka kumwona daktari siku hiyo hiyo. Mmoja ana kikohozi kisichokoma. Mwingine ana mtoto aliyekesha na homa. Wa tatu amegundua uvimbe shingoni na amekuwa akijaribu kupata nafasi tangu Jumatatu. Aghalabu, muda mfupi baadaye nafasi za siku zimekwisha, na karani wa mapokezi huwaambia waliosalia wapige tena kesho, saa mbili. Mtindo huu umezoeleka hata ukapewa jina, yaani msukumano wa saa mbili, na mwezi Mei 2023 serikali ya nchi hiyo ilitangaza mpango wa kuukomesha.

Huduma ya Taifa ya Afya ya Uingereza ilianzishwa tarehe 5 Julai 1948. Gharama zake hulipwa zaidi kwa kodi, na mgonjwa halipi chochote anapomwona daktari. Kila mwananchi huandikishwa katika zahanati ya daktari wa familia, na daktari huyo ndiye mlango wa huduma karibu zote nyingine: mgonjwa asiye mahututi hamfikii bingwa wa hospitali ila kwa barua yake. Kwa hiyo anayeshindwa kupita mlangoni hajaingia hata kwenye foleni ya pili, ile ya hospitali, ambayo nayo si fupi. Katika Uingereza yenyewe, bila Scotland, Wales wala Ireland ya Kaskazini, idadi ya matibabu yaliyokuwa yakingojewa ilivuka milioni 7.7 mwaka 2023. Kanuni ya kwamba wangojao 92 katika kila 100 wasiwe wamepita majuma 18 ilitimizwa kwa mara ya mwisho mwezi Februari 2016.

Jibu la haraka ni kwamba madaktari ni wachache. Uchache huo upo kweli, wala hakuna hesabu itakayozaa daktari pasipo na daktari. Hata hivyo wataalamu wa hisabati wameonyesha tangu zamani kwamba foleni ina tabia zake yenyewe, na kwamba yaweza kurefuka sana hata pale ambapo wahudumu wanatosha.

Mwanzo wake ulikuwa simu

Elimu ya foleni haikuanzia hospitalini. Ilianzia Copenhagen, katika kampuni ya simu ya mji huo, ambako mwanahisabati Mdenmark Agner Krarup Erlang aliajiriwa mwaka 1908. Kampuni ilitaka kujua ni nyaya ngapi na wahudumu wangapi wangetosha ili wateja wasingoje mno. Mwaka 1909 Erlang alionyesha kwamba simu zinazopigwa na watu wengi, kila mmoja kwa haja yake, hufuata kanuni ya bahati nasibu inayoweza kuandikwa kwa hesabu. Haijulikani nani atapiga dakika ijayo, lakini yajulikana ni mara ngapi katika dakika 100 zitaingia simu tatu kwa pamoja. Ni jambo la kuchekesha kidogo kwamba baada ya zaidi ya miaka 100 ni simu ile ile inayowasumbua wagonjwa wa Uingereza.

Ili kuelewa kiini cha elimu hii, ichukuliwe zahanati yenye daktari mmoja ambaye humwona kila mgonjwa kwa wastani wa dakika 10. Kwa saa moja anaweza kuona wagonjwa 6. Wakija wagonjwa 3 kwa saa, daktari ana kazi nusu ya wakati wake, na mtu angedhani kwamba hakuna atakayengoja. Sivyo. Wagonjwa hawaji kwa kupokezana kama askari wa zamu; mara hufika watatu pamoja, mara hapiti mtu kwa nusu saa. Zaidi ya hayo, mmoja humalizika kwa dakika 3 na mwingine huchukua 25. Kwa sababu hizo mbili, mgonjwa wa wastani atangoja dakika 10 hata hapo daktari anapokuwa na nafasi nyingi.

Sasa wagonjwa waongezeke hata daktari awe na kazi kwa sehemu 80 katika 100 za wakati wake. Kungoja kwa wastani kutafika dakika 40. Kazi ikifika sehemu 90, kungoja ni dakika 90. Ikifika sehemu 95, ni dakika 190, yaani saa tatu na ziada. Nyongeza ya mwisho ya kazi ilikuwa ndogo kuliko zote, lakini ndiyo iliyoongeza kungoja kuliko zote. Ni kweli kwamba kliniki hufungwa jioni kabla foleni haijafikia urefu huo wote, lakini mwelekeo ni ule ule. Sababu yake ni rahisi: dakika ambayo daktari alikaa bila mgonjwa asubuhi haiwezi kuwekwa akiba ili itumiwe saa nne wanapofika watano kwa pamoja. Imepotea. Madhali hakuna akiba, kila msongamano humezwa na foleni.

Hapa pana funzo ambalo wahasibu wa serikali hawalipendi. Daktari anayeonekana amekaa bure robo saa si lazima awe hasara. Nafasi hiyo ndiyo inayozuia foleni isilipuke. Hospitali iliyopangwa ili kila daktari na kila kitanda kitumike wakati wote imepangwa, bila kukusudia, ili wagonjwa wangoje.

Saa 48 na matokeo yake

Mwezi Julai 2000 serikali ya Uingereza ilitoa mpango wa miaka 10 wa kuimarisha huduma ya afya. Moja ya ahadi zake ilikuwa kwamba ifikapo mwaka 2004 kila mgonjwa aweze kumwona daktari wa familia katika muda wa saa 48. Zahanati zilipimwa kwa kipimo hicho, na fedha zilihusika.

Ahadi ilikuwa njema, lakini kilichopimwa ni muda kati ya siku ya kuomba na siku ya kuonwa. Baadhi ya zahanati zikatambua kwamba njia nyepesi ya kufaulu ni kukataa kabisa kuandika miadi ya mbele. Mgonjwa aliyetaka kuja baada ya juma moja, kwa sababu daktari mwenyewe alimwambia arudi baada ya juma moja, aliambiwa apige simu siku yenyewe asubuhi. Mwezi Aprili 2005, siku chache kabla ya uchaguzi mkuu, mama mmoja alimweleza Waziri Mkuu Tony Blair jambo hili mbele ya kamera za televisheni, na Waziri Mkuu akaonekana kushangaa. Watazamaji wengine katika ukumbi ule hawakushangaa hata kidogo, yalikwisha wapata. Kipimo cha saa 48 kilifutwa mwaka 2010, lakini mazoea ya simu ya asubuhi yalibaki.

Mtindo huu huzidisha kazi unayodai kupunguza. Mgonjwa mwenye uvimbe shingoni akipiga Jumatatu, Jumanne na Jumatano, ni mtu mmoja aliyehesabiwa mara tatu. Karani hutumia asubuhi nzima kujibu watu ambao kazi yake kwao ni kuwakatalia. Na mbio za saa mbili hazimpi ushindi aliye mgonjwa zaidi. Humpa mwenye simu nzuri, kazi inayomruhusu kupiga, na subira ya kurudia mara 40. Dereva wa basi aliye barabarani saa hiyo, au mzee asiyesikia vizuri, hushindwa kabla hajaanza.

Daktari Julian Tudor Hart, aliyefanya kazi miaka mingi katika kijiji cha wachimba makaa cha Glyncorrwg, Wales ya Kusini, aliandika mwaka 1971 kwamba huduma nzuri ya matibabu huelekea kupatikana kinyume cha mahitaji: wanaoihitaji sana ndio wanaoipata kidogo. Alikuwa akizungumzia mikoa na tabaka za watu. Neno lake laingia vilevile katika dakika 10 za asubuhi.

Deni la zamani

Mfano wa namna nyingine ulitoka California, Marekani, katika miaka ya 1990. Katika kliniki za shirika la Kaiser Permanente, wagonjwa walikuwa wakingoja siku 55 kupata miadi. Daktari Mark Murray na mwenzake Catherine Tantau waliuliza swali dogo: ikiwa wagonjwa wamengoja siku 55 mwaka jana, na mwaka huu pia ni 55, je, madaktari wameshindwa na kazi?

Jibu limo katika kanuni iliyothibitishwa na John Little mwaka 1961: idadi ya wanaongoja ni sawa na idadi ya wanaofika kwa siku mara siku za kungoja. Zahanati ipokee maombi 60 kwa siku, na kila mmoja angoje siku 20. Katika daftari mna majina 1,200. Kama daftari linabaki na majina 1,200 mwezi hadi mwezi, basi wanaotoka ni sawa na wanaoingia. Madaktari hawajashindwa. Wanabeba deni la zamani, na deni hilo haliongezi wala halipunguzi kazi ya leo. Humsogeza tu kila mgonjwa siku 20 mbele. Wakijitahidi kuona wagonjwa 6 zaidi kila siku, deni litakwisha kwa siku 200 za kazi, na baada ya hapo wa leo ataonwa leo. Kaiser walipofanya hivyo, kungoja kulishuka kutoka siku 55 hadi siku 1.

Yafaa ikumbukwe kwamba dawa hii hutibu ugonjwa mmoja tu. Daftari likiwa linarefuka kila mwezi, wagonjwa wamewazidi madaktari kweli kweli, na hapo hakuna ujanja wa ratiba utakaosaidia. Ndiyo maana swali la kwanza kwa msimamizi si foleni ina urefu gani, bali inakua au imesimama.

Njia nyingine ni kuunganisha foleni. Madaktari wawili, kila mmoja na foleni yake na kazi ya sehemu 90 katika 100, huwangojesha wagonjwa dakika 90. Foleni zikiunganishwa, aliye mbele akaenda kwa daktari wa kwanza kupata nafasi, kungoja hushuka hadi dakika 43 hivi, bila kuongeza daktari. Benki nyingi hufanya hivyo. Lakini mgonjwa si hundi. Mwaka 2018 watafiti wa Uingereza walikusanya uchunguzi 22 uliofanywa katika nchi mbalimbali kuhusu wagonjwa wanaoonwa na daktari yule yule miaka yote; katika 18 kati ya hizo, waliodumu na daktari mmoja walikufa kwa idadi ndogo zaidi. Daktari anayeijua shingo ya mgonjwa wake tangu mwaka jana hutambua upesi kilichobadilika. Kwa hiyo kila zahanati inayounganisha foleni hununua kasi kwa kitu chenye thamani, na bei hiyo haiandikwi katika kipimo chochote cha saa.

Wote waje saa mbili

Katika kliniki nyingi za Afrika Mashariki, kama zile za kisukari au shinikizo la damu, kadi ya mgonjwa huandikwa tarehe ya kurudi bila saa. Wote hufika alfajiri, kwani anayechelewa ataonwa mwisho. Hospitali za Uingereza nazo zilifanya karibu hivyo kwa wagonjwa wa nje, wakiitwa kwa makundi makubwa saa moja. Mwanahisabati Norman Bailey alilichunguza jambo hilo mwaka 1952, akiigiza kliniki kwa karatasi na namba za bahati nasibu. Alikuta kwamba hospitali ziliogopa mno daktari asikose mgonjwa hata dakika moja, na woga huo wagonjwa waliulipia kwa saa nyingi za benchi. Ushauri wake ulikuwa wawili wafike mwanzoni, kisha mmoja mmoja kila baada ya muda wa wastani wa kuonwa.

Hata pasipo simu wala kompyuta, hesabu yake inatumika. Wagonjwa 30 walioitwa saa mbili, kila mmoja akichukua dakika 10 kwa daktari mmoja, hungoja kwa wastani dakika 145, na wa mwisho dakika 290. Kadi zikiandikwa kwa makundi matatu ya watu 10, la kwanza saa mbili, la pili saa tatu na dakika 40, la tatu saa tano na dakika 20, wastani huwa dakika 45. Daktari anamaliza saa saba mchana kama mwanzo, wala hakukaa bure. Mafaili hutafutwa kwa sehemu, na benchi la watu 10 latosha. Kinachohitajika ni kalamu ya karani, na uaminifu wa kutowapitisha mbele wale wa saa tano waliojihimu kuja alfajiri, maana siku hiyo ikitokea mara mbili, wote watarudi kuja alfajiri. Wanaotoka vijiji vya mbali wapewe kundi la tatu, ili waweze kupanda basi la asubuhi badala ya kulala mjini.