Mistari Minne, Lakini Malipo Hayaendi

Ni hali inayojulikana Kibokoni na Ndia Kuu. Simu inaonyesha mistari yote minne ya mtandao, lakini malipo yanazunguka tu bila kukamilika. Mteja amesimama na bidhaa mkononi, na mwenye duka hajui amlaumu nani.

Mistari hiyo huonyesha zaidi nguvu ya mawimbi yanayoifikia simu. Usafi wa mawimbi ni jambo jingine.

Nguvu hupimwa kwa dBm, na namba yake huandikwa na alama ya kutoa. Kwenye mtandao wa 4G, -85 ni nzuri, ilhali -115 ni dhaifu sana. Kila namba ikishuka kwa 10, nguvu hupungua mara 10, kwa hiyo tofauti ya hizo mbili ni mara 1,000. Katika Mji wa Kale, kuta nene za mawe ya matumbawe na chokaa hula sehemu kubwa ya nguvu hiyo kabla haijafika chumbani. Kwenye simu nyingi za Android namba hii hupatikana kwenye mipangilio, sehemu ya maelezo kuhusu simu, chini ya hali ya SIM. Mwenye iPhone hubonyeza *3001#12345#* kisha hupiga.

Usafi ni ulinganisho wa mawimbi ya mnara unaoihudumia simu na mawimbi ya minara mingine pamoja na kelele. Hupimwa kwa desibeli: 20 ni safi kabisa, na 0 maana yake vurugu imelingana na ujumbe wenyewe. Ni kama kuzungumza harusini kando ya spika. Mwenzako anapaza sauti, na bado humsikii.

Ndiyo maana kupanda ghorofa ya juu si dawa kila mara. Dirisha linalotazama mkono wa bahari wa Tudor hupokea pia mawimbi kutoka Nyali, kwa kuwa juu ya maji hakuna jengo la kuyazuia. Minara ya kampuni moja mara nyingi hutumia masafa yaleyale, na hapo huingiliana. Pengine chumba cha upande wa pili, chenye mistari miwili tu, kitafanya kazi vizuri zaidi.

Baadhi ya watu hununua vifaa vya kuongeza mawimbi. Vifaa hivyo hukuza kelele pia, na vinaweza kuvuruga mnara unaohudumia mtaa mzima. Kuvitumia bila idhini ya Mamlaka ya Mawasiliano ya Kenya ni kosa kisheria.

Serikali ya Kaunti haigawi masafa; hiyo ni kazi ya Mamlaka. Mwenye malalamiko huanza na kampuni yake ya simu, na asiporidhika huenda kwa Mamlaka. Aandike mahali, tarehe, saa, namba ya nguvu, na kama alikuwa ndani au nje. Apime asubuhi na jioni, kwani watumiaji wanapoongezeka usafi hushuka hata kama mistari haijapungua.