Merikebu za Nyangumi Katika Mto Rufiji

Mkulima wa Kiogoro, katika vilima vya Kisii, yu mbali na bahari, wala nyangumi hamjui ila kwa habari za nabii Yona. Lakini vita vile vilivyofika Kisii tarehe 12 Septemba, 1914, Wadachi walipopambana na askari wa K.A.R., vilipiganwa pwani pia. Na huko merikebu ndogo za kuvulia nyangumi zilipewa kazi isiyowezekana kwa manowari kubwa.

Manowari ya Kidachi, Königsberg, iliizamisha Pegasus ya Waingereza huko Unguja tarehe 20 Septemba, kisha ikajificha ndani ya mto Rufiji. Waingereza waliigundua mwishoni mwa Oktoba, wakabaki kulinda milango ya mto tu. Maji ni haba, mikoko imefunga macho, na ilihofiwa kwamba mabomu yametegwa chini.

Mwaka 1915 zikaletwa Echo, Fly, Childers na Pickle. Merikebu ya nyangumi haizami sana majini, ina injini yenye nguvu, nayo hugeuka upesi, maana mnyama yule akikimbizwa hangoji mtu. Omo yake ni imara kwa ajili ya mzinga wa kurushia chusa. Kuuondoa na kuweka mzinga wa vita si kazi kubwa.

Alfajiri ya tarehe 6 Julai, Severn na Mersey, merikebu za mizinga zilizoundwa kwanza kwa mito ya Brazil, ziliingia mtoni. Amiri King-Hall naye akaja mlangoni katika Weymouth. Mbele yake zilitangulia Echo na Fly, zikikokota waya wa kuzoa mabomu, na Childers ikipima kina cha maji. Kama bomu lingalikuwapo, mabaharia hao wachache ndio wangalikufa kwanza.

Siku ile hawakufaulu. Walirudi tarehe 11, na Königsberg ikapigwa hata ikawaka moto. Kapteni Looff akaamuru ivunjwe.

Hata hivyo Wadachi waliiopoa mizinga yake kumi, wakaikokota nchi kavu. Mmoja ulifikishwa Mwanza, kwenye ziwa lile lile linalopakana na nchi iliyoitwa Kavirondo, nao ulitekwa huko mwaka 1916.