Magunia Yapite Njia Gani? Kupanga Usafiri na Zamu za Mashine



Msimu wa mavuno ukifika, kuanzia Oktoba hivi, barabara ya Kitale kwenda Webuye hujaa malori ya mahindi. Vikundi vingi tunavyotembelea hupigania bei ya gunia hadi shilingi ya mwisho. Lakini gunia litoke ghala gani, liende kwa mnunuzi gani, hilo huachiwa dereva au broka. Hapo ndipo faida hupotelea. Leo tujifunze kupanga jambo hili kwa kalamu na karatasi tu.

Hesabu hii si mpya. Mwaka 1939 Mrusi mmoja, Leonid Kantorovich, alichapisha kitabu kidogo kuhusu kupanga kazi za viwanda. Mwaka 1941 Frank Hitchcock wa Marekani akaandika juu ya kugawa bidhaa za viwanda kadhaa kwa miji mingi kwa gharama ndogo kabisa. Kantorovich na mwenzake Tjalling Koopmans walipewa Tuzo ya Nobel ya uchumi mwaka 1975. Makampuni makubwa hutumia kompyuta kwa hesabu hii. Sisi wenye maghala mawili matatu, ubao unatosha.

MFANO

Tuseme vikundi viwili vimeungana kuuza mahindi. Kikundi cha Kamukuywa kina magunia 60, na cha Webuye kina magunia 60. Shule moja ya Misikhu inataka 40, na msagaji wa Bungoma anataka 80. Gharama ya kusafirisha gunia moja, kwa mfano, ni hii:

Kamukuywa hadi Misikhu: sh. 50
Kamukuywa hadi Bungoma: sh. 120
Webuye hadi Misikhu: sh. 30
Webuye hadi Bungoma: sh. 60

Wengi wetu tungeanza na njia ya bei ya chini kabisa. Webuye wapeleke 40 Misikhu (sh. 1,200), na 20 zilizobaki Bungoma (sh. 1,200). Kamukuywa wapeleke zote 60 Bungoma (sh. 7,200). Jumla ni sh. 9,600.

Sasa tazama barabarani. Lori la Kamukuywa linapita Misikhu likielekea Bungoma, huku lori la Webuye linapanda kuja Misikhu. Malori mawili yanapishana, yote yamebeba mahindi yale yale! Tunalipa mafuta ya kubadilishana mahali tu.

KUJARIBU KUBADILISHANA

Chukua gunia moja tu ulijaribu.

1. Webuye waache kupeleka gunia hilo Misikhu: tunaokoa 30. Kamukuywa nao wapunguze moja la Bungoma: tunaokoa 120. Jumla 150.
2. Gunia la Kamukuywa lishuke Misikhu: tunalipa 50. La Webuye liende Bungoma: tunalipa 60. Jumla 110.
3. Tumebaki na sh. 40 kwa kila gunia. Wanunuzi wote wawili wamepata idadi yao ile ile.

Basi badilisheni magunia yote 40 ya Misikhu. Kamukuywa sasa wanapeleka 40 Misikhu (sh. 2,000) na 20 Bungoma (sh. 2,400). Webuye wanapeleka 60 Bungoma (sh. 3,600). Jumla ni sh. 8,000. Tumeokoa sh. 1,600, na hakuna aliyelima hata mstari mmoja zaidi.

Mtajuaje mmefika mwisho? Jaribuni kurudisha gunia moja kule lilikotoka. Hapa mtapoteza sh. 40, kwa hivyo mpango ni mzuri. Kama maghala ni mengi, jaribuni kila njia isiyotumika, moja baada ya nyingine, mpaka isiwepo inayookoa kitu.

NANI ANALIPA?

Hapa ndipo vikundi hugombana. Webuye walikuwa wanalipa sh. 2,400, sasa ni 3,600. Kamukuywa walikuwa wanalipa 7,200, sasa ni 4,400. Kama kila mtu analipa lori lake, Webuye watakataa mpango, na wana haki.

Dawa ni kukubaliana kabla ya kupakia. Kamukuywa wawarudishie Webuye zile sh. 1,200 zilizoongezeka, kisha waongeze sh. 800, yaani nusu ya akiba. Hivyo Webuye watatoa sh. 1,600 na Kamukuywa sh. 6,400. Kila upande umeokoa sh. 800. Mwekahazina aandike hayo kwenye daftari, na pande zote mbili zitie sahihi.

Kumbukeni: kama mwenye lori analipwa kwa safari wala si kwa gunia, hesabuni safari. Lori nusu tupu ni hasara. Tena pimeni unyevu kabla ya kupakia. Bodi ya Nafaka haipokei mahindi yaliyozidi unyevu wa asilimia 13.5, na gunia likirudishwa mnalipia njia mara mbili.

ZAMU ZA MASHINE

Tuseme mashine ya kupukuchua ni moja na wanachama ni watatu: mmoja ana kazi ya saa 6, wa pili saa 2, wa tatu saa 1. Mkianza na mkubwa, wanamaliza saa ya 6, ya 8 na ya 9. Ukijumlisha kungoja kwao ni saa 23. Mkianza na mdogo, wanamaliza saa ya 1, ya 3 na ya 9. Jumla ni saa 13. Mashine imefanya kazi saa 9 zile zile, lakini watu wawili wamerudi nyumbani mapema. Ila mvua ikitishia, atangulie yule ambaye mahindi yake yako nje.

Kwa wakulima wa miwa ni vivyo hivyo. Muwa uliokatwa hupoteza utamu na uzito ukilala shambani. Hakikisheni trekta kwanza, ndipo muite wakataji.

MASWALI YA KUJADILI KIKUNDINI

1. Msimu uliopita, tulilipa shilingi ngapi kwa lori? Nani alichagua njia?
2. Ni kikundi gani jirani kinachouza upande tunaotoka sisi?
3. Tukiokoa pesa za usafiri, tutazigawa vipi ili asiwepo wa kulalamika?